Majina Matatu ya Mzee Arap Chumo

Swali la tisa ndilo lililonizeesha. Hayo mengine kwenye kile kitabu chetu chembamba cha maswali ya ubatizo yalikuwa na huruma: nani alikuumba, amri ni ngapi, dhambi ni nini. Mtu akikosea unamkumbusha, anacheka, mnaendelea. La tisa liliuliza Mungu ni wangapi, na jibu lake lilikuwa fupi kuliko yote: Mungu ni mmoja katika nafsi tatu, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Kasuku anaweza kulijibu. Nyinyi mnaoanza sasa kufundisha darasa la ubatizo huku Bureti mmeniuliza nililifundishaje miaka yote ile. Nimestaafu, navuna vichaka vyangu vichache vya chai, na mchana ni mrefu. Nitawaambia, ila nitapitia njia ndefu, maana hata mimi nililifikia kwa njia hiyo.

Niliingia Roret, huku huku Bureti, mwanzoni mwa miaka ya tisini nikitoka kwetu Kedowa, nimebeba sanduku la bati, mwavuli, na ubao mweusi mdogo uliofungwa kwa kamba ya katani. Wazazi wangu walikuja Kedowa kutoka Nyeri kabla sijazaliwa, kwa hiyo Kikipsigis changu, lugha ya huku, kilikuwa cha sokoni, cha kusalimia na kununua maziwa. Cha kumweleza Mungu sikuwa nacho. Kanisa lilikuwa la mbao na mabati, juu ya mteremko wa chai, na kengele yake ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini. Ukiigonga kwa bolti ilisikika mpaka ng'ambo ya mto, na mbwa wote wa kijiji waliitikia kabla ya Wakristo.

Aliyenipokea ni Mwinjilisti Ezekieli, mzee mrefu wa pale pale, gambuti miguuni mvua na jua, Biblia ya Kikipsigis kwapani ndani ya mfuko wa mbolea ili isilowe. Aliutazama ubao wangu kwa muda.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ya kuchorea, mzee."

"Utachora Mungu?"

Hakungoja jibu. Alichukua sanduku langu akatangulia.

Somo la kwanza alilonipa halikuwa la Mungu, lilikuwa la chai. Aliniambia nisithubutu kuwaita watu darasani kabla lori la majani halijapita kwenye kituo cha kupimia. Watakuja, alisema, maana ni watu wa heshima, lakini masikio wataacha barabarani. Basi tulifundisha pale pale kituoni, kina mama wameketi nyasini na vikapu vyao, wazee wameegemea nguzo, na lori likinguruma mlimani tulinyamaza mpaka majani yapakiwe. Ninyi mna madarasa yenye viti vya plastiki. Sisemi kitu.

Siku yangu ya kwanza nilileta mfano niliotoka nao chuo cha Biblia: maji, mvuke na barafu, kitu kimoja katika hali tatu. Roret ya wakati ule hakuna aliyekuwa na friji, kwa hiyo nikajiona mwerevu sana nikasema barafu ni ile mvua ya mawe wanayoijua wenyewe. Kama hujawahi kulima chai huwezi kujua nilichokuwa nimefanya. Mvua ya mawe ikipita dakika chache tu, shamba lililokuwa kijani linabaki vijiti, na mwenye shamba anakaa wiki nyingi bila cha kupeleka kituoni.

Mama mmoja, kikapu bado mgongoni, akauliza kwa upole kabisa, "Sasa mwalimu, kwa hao watatu, ni gani alimaliza chai yangu mwezi wa tatu?"

Ezekieli aligeuka akatazama barabara. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Tukirudi nyumbani alinieleza kosa lilipokuwa, na wala halikuwa mvua. Maji yale yale hayawezi kuwa mvuke na barafu kwa wakati mmoja, alisema. Yanapokezana. Na Biblia haisemi hao watatu walipokezana. Kwa kuwa mimi si mtu wa kushindwa haraka, nikamwambia nina mwingine mzuri zaidi, wa watu wa chai hasa: majani mawili na kichipukizi, vitatu kwenye kikonyo kimoja.

"Kichipukizi ni mdogo wa majani," alisema bila kusimama. "Unataka kuwapa Mwana aliyechelewa kuzaliwa?"

Yeye hakutumia mifano. Alikuwa na vifungu vyake, na alivipitia kwa mpangilio ule ule kila muhula. Alianza na Israeli wakiambiwa Bwana Mungu wao ni mmoja, akakaa hapo mpaka watu wakachoka, maana alisema asiyeelewa mmoja asiguse tatu. Kisha akawateremsha Yordani: Mwana yuko majini, Roho anashuka kama njiwa, sauti ya Baba inatoka juu, wote kwa mara moja. Kisha yale maombi marefu aliyoomba Yesu kabla ya kukamatwa. Mwisho ile Neema tunayofungia mikutano yetu, tukitazamana usoni: neema ya Bwana Yesu, upendo wa Mungu, ushirika wa Roho Mtakatifu. Kuna kijana wa shule aliwahi kumbana kwamba neno Utatu halimo kwenye Biblia. Ezekieli alikubali mara moja. "Neno haliko," alisema. "Wenyewe wako."

Sasa nifike kwa arap Chumo, maana nyote mnangoja hapo.

Mimi nilimjua kabla hajaingia darasani kwangu. Mwanzoni mwa miaka ile kulikuwa na majuma mabaya, watu wa kwetu, wa asili ya Nyeri, na watu wa pale walipotazamana kwa macho yasiyo mazuri, na Ezekieli akaona nisilale peke yangu karibu na barabara. Alinipeleka kwa arap Chumo na mkewe Rael, wazee wawili ambao watoto wao walikuwa wameshaoa na kuolewa. Hakuna aliyeniuliza ninatoka wapi. Nilipewa kitanda, blanketi na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kugandishwa, na asubuhi arap Chumo alinisindikiza kanisani akiwa na rungu lake, akisema anaenda tu kunyoosha miguu.

Nyumbani kwao ndipo nilipoona jambo lililowafanya majirani wamcheke. Wanaume wa rika lake walikuwa wakila na wanaume wenzao, wanawake na watoto jikoni. Lakini tangu watoto waondoke, arap Chumo hakuwa akimega tonge kabla Rael hajaketi. Ugali unawekwa mezani, moshi unapanda, yeye ametulia mikono magotini. Rael anasahau chumvi, anarudi. Anakumbuka ndama, anatoka. Ugali unapoa. Mzee anangoja.

Rael alikuwa Mkristo wa siku nyingi. Mumewe hakuwa. Jumapili walikuja pamoja, yeye akaingia, mzee akabaki nje kwenye gogo chini ya paa, akisikiliza kupitia mbao. Na kwa sheria ya kanisa letu, mke ambaye ndoa yake haijabarikiwa hakushiriki Meza ya Bwana, na ndoa haikubarikiwa kama mume hajabatizwa. Sheria hiyo sikuitunga mimi, na ubishi wake uko kwa wakubwa. Nasema tu ilivyokuwa. Siku ya Meza, benchi zima lilisimama kwenda mbele, na Rael alisogeza magoti kando ili wenzake wapite. Kilichoniuma zaidi ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa akifua kitambaa cha meza ile. Kila mara kilirudi cheupe, kimekunjwa kwa nne, kikinukia jua.

Siku moja tukichuma chai aliniambia, huku vidole vikiendelea na kazi, "Mwalimu, mimi kifua yangu si mzuri. Sitaki kufa kama nimefua hiyo kitambaa tu."

Nafikiri mzee naye aliambiwa, maana muhula uliofuata alikuja kituoni, akaegemea nguzo, akasema aandikwe. Alikuwa mwanafunzi wa kupendeza. Amri alizijua kuliko waliozaliwa kanisani. Alikuwa na neno moja tu la kulalamika, kwamba yeye na Rael walipooana walifungwa nyasi mikononi mbele ya wazee, kwa mila yao, na haelewi ni kitu gani kilichobaki kufungwa. Ezekieli alimwambia baraka haifungui nyasi. Akaridhika. Tukafika swali la tisa.

"Hiyo najua," alisema. "Mungu ni mtu moja, jina tatu. Kama mimi."

Akatuhesabia. Alizaliwa alfajiri, kwa hiyo ni Kipkoech. Akiwa mchanga, wanawake walitaja majina ya wazee waliokufa, moja baada ya jingine, mpaka akapiga chafya kwenye jina la babu yake, na hilo likawa lake pia. Alipotahiriwa akaitwa arap Chumo, yaani mwana wa Chumo. "Mama akiita Kipkoech, naitika. Wazee wakisema arap Chumo, naitika. Ile ya chafya wakisema, naitika. Ni mimi tu."

Darasa lilipiga makofi. Kusema kweli mikono yangu ilikuwa njiani. Ezekieli akakohoa.

"Mzee, siku ya Yordani ni nani alikuwa kwa maji?"

"Mwana."

"Na aliyesema kutoka juu, huyu ni Mwanangu?"

"Baba."

"Wewe ukiwa ndani ya mto, unaweza kujiita mwenyewe kutoka ng'ambo?"

"Mtu akifanya hivyo," alisema arap Chumo, "tunapeleka yeye hospitali." Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. "Basi ni Mungu tatu."

"Hapana. Mmoja."

"Ezekieli. Chagua."

Kuanzia hapo hakucheka na swali lile. Lilimkalia kama jiwe kwenye gambuti. Mchungaji alikuwa akija mara moja kwa muhula, kwa pikipiki, kuwauliza watu mmoja mmoja mbele ya kanisa kabla ya ubatizo. Alikuwa mtu mwangalifu, miwani minene, si mkali. Wengine walijibu la tisa kama maji ya bomba. Arap Chumo alipofikiwa alisimama, akavua kofia, akakaa kimya mpaka Rael akainamisha kichwa.

"Unajua jibu, mzee?" mchungaji akauliza.

"Maneno naijua. Lakini umesema tunajibu mbele ya Mungu. Sisi, kitu ukisema mbele ya Mungu na hujaiona, inarudi kwa watoto wako. Sijaiona bado."

Mchungaji alitikisa kichwa polepole, akamwambia arudi darasani. Jumapili ile kulikuwa na Meza. Rael alisogeza magoti.

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Nilimkuta njiani nikamwambia, mzee, si ungesema tu, neno moja, ungepungukiwa na nini? Akasimama, rungu begani.

"Lakwet," aliniita, mtoto, kama alivyoniita kule kwake majuma yale mabaya. "Unataka Rael aende kwa meza ya Mungu na uwongo yangu?"

Nilimpisha njia, akaendelea kutembea.

Ezekieli alikuwa akijiandaa kuhamia Soin kwa mwanawe, miguu imechoka na vilima. Nilimwuliza nimweleze arap Chumo namna gani tena. "Usimweleze," alisema. "Umeeleza ya kutosha. Msomee." Akaniachia Biblia yake ya Kikipsigis, na mfuko wake wa mbolea.

Basi nilikwenda nikamsomea. Nilikwenda mchana, baada ya lori, nikaketi kwenye kigoda huku yeye akipasua kuni, na Kikipsigis changu kibovu kilimfurahisha Rael aliyekuwa jikoni akinirekebisha kwa sauti. Siku moja nilifika kwenye yale maombi ya Yesu kabla ya kukamatwa, mahali anapomkumbusha Baba jinsi alivyompenda kabla dunia haijawekewa msingi. Shoka likasimama.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Kabla ya dunia?"

"Kabla ya dunia."

"Kabla ya watu? Kabla ya ng'ombe?"

"Kabla ya kila kitu, mzee."

"Na hapo alikuwa anapenda nani?"

"Mwanawe. Ndivyo anavyosema mwenyewe."

Aliketi juu ya gogo alilokuwa akilipasua. Rael alituita chakula. Tuliingia, ugali ukawekwa, moshi ukapanda, Rael akakumbuka chumvi. Arap Chumo alikaa mikono magotini, akiutazama mlango aliotokea mkewe.

Muhula ule mchungaji alikuja na mvua, amelowa mpaka soksi. Mabati yalipiga kelele hata ikabidi watu wajibu kwa kupaza sauti. Arap Chumo alipofikiwa mvua ilikuwa imepungua kidogo. Alisimama, akavua kofia. Rael alikuwa ameshika benchi la mbele yake kwa mikono yote miwili.

"Pasta, kuieleza siwezi," alisema. "Mimi nilikuwa nasema Mungu ni kama mimi, mtu moja na jina tatu. Lakini mtu moja hata akuwe na jina kumi, akikaa kwa meza anakula pekee yake. Mwalimu alinisomea. Kabla ya dunia, Baba alikuwa anapenda Mwana. Si Mungu tatu, hapana, ni moja, uhai ni moja. Lakini hajawahi kukula pekee yake hata siku moja. Hiyo nimeiona. Hiyo naweza kuapa hata kama watoto wangu wako hapa."

Mchungaji alivua miwani akaifuta kwa shati lililolowa, ambalo halikusaidia kitu. "Na Roho, mzee?"

"Si kwa Neema mnasema ushirika ni yake? Kuketisha watu pamoja ni kazi yake. Na yeye pia ameketi, si mtumishi."

"Mfano wako pia una mashimo," mchungaji alisema.

"Kitu yangu yote iko na mashimo, pasta. Hata hii koti."

Kanisa lilicheka, mchungaji naye akacheka, kisha akasema mzee atabatizwa. Nilitoka nje nikasimama mvuani. Nililia, na sioni kwa nini nisiwaambie.

Alibatizwa mtoni, akachagua kuitwa Yohana, kwa sababu yale maombi yalitoka kitabu hicho. Alipotoka majini, maji yakimchuruzika ndevuni, alinikonyeza. "Sasa ni nne," alisema.

Ndoa ilibarikiwa, na Jumapili ya Meza ikafika. Kitambaa Rael alikifua yeye mwenyewe, hakumpa mtu. Benchi lao liliposimama, yule mama, kwa mazoea ya miaka yote ile, alisogeza magoti kando ili watu wapite. Arap Chumo alikuwa nyuma yake. Hakupita. Alimgusa bega.

"Simama, mama," alisema.

Hilo ndilo jibu langu la swali la tisa. Nimelifundisha kwa miaka mingi baada ya hapo, kwa watu wa rika zote, na bado silijui lote. Anzeni na mmoja. Nendeni Yordani. Wasomeeni maombi yale, polepole, mpaka mtu aseme soma tena. Mifano itumieni kama chumvi, na ya mvua ya mawe niachieni mimi.

Arap Chumo alitutoka kabla miaka ya tisini haijaisha. Kifua kilichotutia hofu kilikuwa cha Rael, lakini aliyetangulia ni yeye, usingizini. Msalaba wake waliuandika majina yote, Yohana, Kipkoech, lile la babu, arap Chumo, mpaka ubao ukawa mdogo, na fundi akayabana ya mwisho kama abiria.

Wiki kadhaa baada ya mazishi nilikuwa nikitoka kituoni, alasiri, nimeshakula kwa mama mmoja nikashiba sana. Nilimkuta Rael amesimama kwenye lango lake, akitazama barabara. Nilidhani anangoja ng'ombe. Alinishika mkono akaniingiza ndani. Ugali ulikuwa mezani, umefunikwa, umepoa kabisa, haujaguswa.

"Nani anakuja, kogo?" nilimwuliza, nikimwita bibi kwa lugha yao.

"Sijui," alisema. "Nangoja tu mwenye atapita. Kwa hii nyumba hatukulangi pekee yetu."

Akarudi jikoni, akakumbuka chumvi. Nilinawa mikono, nikaketi, nikaiweka magotini, nikamngoja.